Betri mbili zimekufa tangu nifunge redio na taa: nibadilishe altaneta?

Swali la msomaji: Shikamoo fundi. Naishi Nkuhungu hapa Dodoma na kazi yangu iko Mtumba. Nina Toyota Noah iliyotoka Japani. Mwaka jana nilifunga redio ya Android, amplifaya na sabufa chini ya kiti, kamera ya nyuma, traka, na taa ndefu ya LED mbele, kwa sababu kila mwisho wa mwezi naenda kwa wazazi kijijini Kondoa na mara nyingi naingia usiku. Tangu hapo gari halina amani. Siku za kazi linawaka vizuri, lakini nikiliegesha Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi stata inasema "tik", basi. Nimenunua betri mbili ndani ya miezi tisa. Redio inapiga mlio unaopanda kila nikikanyaga mafuta. Nikiwasha ile taa ndefu, FM inajaa mikwaruzo na swichi yake inakuwa ya moto hadi naogopa. Fundi anasema sasa nibadilishe altaneta. Nibadilishe? Na kaka yangu ana Land Cruiser ya zamani ya betri mbili, fundi huyohuyo alimfungia redio, naye betri moja inamfia kila mara.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Altaneta usinunue, walau si kabla hujapima.

Nasema hivyo bila kuliona gari kwa sababu umenieleza jambo moja linalotosha: siku za kazi linawaka, likipumzika linakufa. Altaneta ikiacha kuchaji, mambo huwa kinyume. Gari hufa katikati ya wiki, maana kila safari ya Mtumba na kurudi inachota kwenye betri na hakuna kinachorudishwa. Taa ya betri kwenye dashibodi huwaka, taa za mbele hufifia usiku. Lako likitembea linajazwa, na linajazwa vizuri tu. Linaloliua ni siku mbili na nusu za kusimama. Kuna kitu humo ndani kinakula wakati wewe umelala.

Hata betri zile mbili sidhani kama zilikuwa mbovu ulipozinunua. Betri ya gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, kupiga stata, kisha ijazwe mara moja. Haikutengenezwa kuishiwa hadi chini. Kila inapolala tupu, salfeti inaganda kwenye sahani zake za risasi na sehemu ya uwezo wake hairudi tena. Ifanyie hivyo kila mwisho wa wiki, uongeze joto la boneti katika jua letu la Oktoba na Novemba, na betri mpya inazeeka ndani ya miezi. Ya tatu itakufa hivyohivyo usipompata mlaji.

Nikuombe jambo moja ulishike kabla hatujagusa waya. Vifaa vyenyewe mara chache ndivyo vibovu. Redio yako huenda ni nzima, na amplifaya vilevile. Kinachokosewa ni pale kifaa kilipochukua umeme, na pale umeme huo unapopita kurudi kwenye betri. Mafundi wengi tunajali sana ule wa kwenda, kwa sababu bila huo kifaa hakiwaki na mteja halipi. Wa kurudi tunaufunga kwenye skrubu yoyote ya karibu. Karibu kila kitu ulichoniandikia kinatoka hapo.

Tafuta mita ya kidijitali, ile ndogo ya kawaida inayopima volti na ampea. Bei yake haifiki hata robo ya bei ya betri moja kati ya zile ulizonunua. Ijumaa jioni ukifika nyumbani zima kila kitu, funga milango, ngoja saa moja, kisha pima volti kwenye vichwa viwili vya betri. Betri iliyojaa na kutulia inasoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikisoma 11.9 imekwisha, hata kama taa za ndani bado zinawaka. Pima tena Jumamosi saa ileile, na Jumapili. Gari zima halipotezi hata 0.1 kwa wikiendi nzima. Lako likipoteza 0.1 au 0.2 kila siku, umeshapata ushahidi na hujafungua hata nati moja.

Kisha washa injini upime tena: isome kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa, kiyoyozi, feni ya ndani na redio; isishuke chini ya 13. Ikibaki juu ya hapo, altaneta inachaji, na yule anayekuambia uibadilishe anakisia kwa pesa yako.

Sasa tumtafute mlaji. Hapa tunapima ampea, na kipimo hiki kinahitaji utulivu, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Vua pete na saa ya chuma. Hamisha waya mwekundu wa mita uuweke kwenye tundu lililoandikwa 10A, na uzungushe mita kwenye ampea. Fungua boneti. Fungua mlango wa dereva, kisha lisukume kwa bisibisi lile komeo la mlango lijifunge, ili gari lidhani mlango umefungwa na taa ya ndani izime. Ufunguo uwe mfukoni, mbali na gari. Chukua kipande cha waya wenye klipu, bana ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye kebo ya hasi yenyewe, halafu ndipo ulegeze nati na kuitoa kebo. Waya huo unashikilia umeme usikatike. Ukikatika, kompyuta za gari zinaamka upya na kipimo chako kinaharibika, na redio inasahau kila kitu. Ngoja nusu saa. Magari haya hayalali mara tu ukiyafunga, yanajizima kidogokidogo. Baada ya nusu saa weka mita kati ya kichwa cha hasi na kebo, ishike vizuri, kisha toa ule waya wa klipu. Namba unayoiona ndiyo gari linachokunywa likiwa limelala.

Wakati mita iko hapo usiwashe gari, usifungue swichi ya ufunguo, usijaribu stata hata kidogo. Stata inavuta ampea zaidi ya mia, na mita yako inavumilia 10. Na ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti papo hapo. Waya ukiusahau kwenye 10A kisha ukagusa vichwa viwili vya betri, umepiga shoti kwa mkono wako mwenyewe.

Gari zima likilala linakunywa ampea 0.02 hadi 0.05: saa, alamu, kumbukumbu za kompyuta. Traka inaongeza kidogo. Tuseme yako inasoma 0.45. Namba hiyo ni ndogo machoni, lakini kutoka Ijumaa saa 1 jioni hadi Jumatatu saa 1 asubuhi ni saa 60, na 0.45 mara 60 ni ampea-saa 27. Betri ya ampea-saa 45 imepoteza zaidi ya nusu yake, na betri ambayo imeshaishiwa mara kadhaa haina tena hizo 45. Ndiyo maana unasikia "tik".

Wengi wakifika hapa wanakimbilia boksi la fyuzi na kuanza kuchomoa moja moja. Ni njia nzuri kwa umeme uliotoka nao kiwandani. Lakini vifaa vya kuongeza mara nyingi havipiti kwenye boksi hilo kabisa. Kwa hiyo anza kwenye kichwa cha chanya. Hesabu nyaya zilizofungwa pale. Kebo nene na kile kishikio cha fyuzi kubwa ni za kiwandani. Waya wowote mwembamba uliofungwa kwa nati juu yake ni mgeni. Zilegeze nyaya za wageni moja moja huku mtu mwingine akiangalia mita. Ile ambayo ikitoka namba inaanguka kutoka 0.45 hadi 0.04, ifuate hadi mwisho wake.

Mimi nikiulizwa nani ninayemshuku kwanza, ninamtaja amplifaya. Kuna waya mwembamba wa bluu wenye mstari mweupe unaotoka kwenye redio kwenda kwenye amplifaya; kazi yake ni kuiamsha amplifaya pale redio inapowaka, na kuilaza pale redio inapozimwa. Fundi akiukosa, au redio isipokuwa nao, huchukua njia ya mkato: anauunganisha na umeme wa moja kwa moja. Amplifaya inakuwa macho saa 24, kimya, hakuna sauti, hakuna anayejua. Ikiwa macho bila kupiga muziki inaweza kunywa nusu ampea na zaidi. Huhitaji hata mita kuligundua hili. Jumapili alfajiri, kabla jua halijapanda, weka kiganja juu ya amplifaya, kisha kwenye chuma cha mlango. Asubuhi za Dodoma, hasa Juni na Julai, chuma kinakuwa baridi kweli. Amplifaya ikiwa na uvuguvugu, mwizi wako ni huyo.

Wa pili ni redio. Nyuma yake kuna waya wa njano na waya mwekundu. Wa njano ni umeme wa kudumu wa kutunza kumbukumbu. Mwekundu ni umeme unaokuja ufunguo ukiwa umezungushwa kwenye ACC tu, ile hatua ya vifaa kabla ya kuwasha injini, nao ndio unaoiambia redio iamke. Wakiunganishwa pamoja kwenye umeme wa kudumu, redio haijui kamwe kwamba umeshuka garini. Kioo unaweza kukizima kwa kidole, lakini ndani iko macho. Pima waya mwekundu ufunguo ukiwa mfukoni: usome sifuri. Ukisoma 12, umeunganishwa vibaya. Na hata zikiwa sawa, redio nyingi za Android zina usingizi mwepesi ili ziwake haraka asubuhi. Ingia kwenye mipangilio uchague izimike kabisa baada ya muda mfupi. Utangoja sekunde kadhaa zaidi asubuhi, lakini gari litawaka.

Nitakuonya hapa kwa uzito. Chini ya usukani na nyuma ya dashibodi utaona nyaya zilizofunikwa kwa mpira wa njano, zenye viunganishi vya njano. Hizo ni za eabegi. Hazihusiani kabisa na waya wa njano wa redio. Usizipime, usizichubue, usichukue umeme wala ethi (ile njia ya umeme kurudi kwenye betri) hapo, na fundi yeyote anayezigusa kutafuta umeme wa redio mwambie aache.

Kama wageni wote wametoka na mita bado inasoma juu, ndipo uende kwenye boksi la fyuzi. Si lazima uzichomoe. Juu ya kila fyuzi ya kisasa kuna vitobo viwili vya chuma. Rudisha kwanza ule waya wa klipu kwenye betri na waya mwekundu wa mita kwenye tundu la volti, kisha weka mita kwenye milivolti, gusa hivyo viwili. Ikisoma sifuri kabisa hakuna umeme unaopita. Ikisoma hata sehemu ya milivolti moja, kuna kitu kinakula kwenye tawi hilo. Zote zikiwa kimya, basi ndipo altaneta inapoingia kwenye mazungumzo, maana dayodi mbovu ndani yake, kile kijisehemu kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, inaweza kuvujisha umeme usiku hata kama mchana inachaji. Toa kebo ya hasi ya betri, fungua waya mnene nyuma ya altaneta, ufunike ncha yake kwa mpira, rudisha mita, pima. Namba ikianguka, fundi wako alikuwa sahihi na unaweza kununua kwa moyo mweupe.

Sasa ile taa ndefu. Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko betri, kwa sababu betri inakuachisha kazi lakini swichi ya moto inachoma gari.

Taa yenye wati 120 kwenye volti 12 inavuta ampea 10. Vile viswichi vidogo vya kubandika kwenye dashibodi, na nyaya nyembamba zinazokuja navyo, havikukusudiwa kubeba mzigo huo. Chukua waya wa nusu milimita ya mraba, mita nne kutoka betri hadi swichi na kurudi mbele: unapoteza karibu volti 1.4 njiani. Volti hizo hazipotei hewani. Mara ampea 10, ni wati 14 za joto zilizolala ndani ya dashibodi, zikisuguana na plastiki na vumbi la barabara. Sehemu ya joto hilo inakusanyika pale kiungo kilipo kibovu zaidi, na kwako ni kwenye swichi. Usiiwashe tena hadi irekebishwe.

Dawa yake ni rilei. Swichi inabaki kutoa amri tu, rilei inabeba mzigo. Pini 30 inapokea umeme kutoka betri kupitia fyuzi. Pini 87 inaupeleka kwenye taa. 85 na 86 ni za koili, sumaku ya umeme inayoifunga rilei, ambayo inakula chini ya robo ampea, kiasi ambacho swichi yako ndogo inaweza kukibeba maisha yake yote. Waya wa mzigo uwe wa milimita 2.5 za mraba. Fyuzi iwe ya ampea 15, ile ya bluu, na ikae karibu na betri, isizidi shubiri moja kutoka kichwa cha chanya. Fyuzi inalinda waya. Ikikaa huko mbele karibu na taa, mita zote za waya kabla yake hazina mlinzi, na waya ukichubuka kwenye chuma cha boneti hakuna kitakachokatika ila waya wenyewe, kwa moto.

Koili ichukue amri yake kwenye fuli, yaani mwanga wa mbali wa taa za gari, ili taa ndefu isiwake bila fuli. Hapa kuna mtego unaowachosha mafundi wengi: baadhi ya magari ya Toyota, hasa ya zamani na ya kazi ngumu, swichi ya taa inakata upande wa hasi, si wa chanya. Fundi anatafuta chanya kinachokuja na fuli, hakipati, anaamua kuchukua umeme popote. Njia isiyokosea ni kuifunga koili sambamba na balbu yenyewe: ncha moja kwenye pini ya fuli kupitia swichi yako, ncha nyingine kwenye pini ya pili ya balbu hiyohiyo. Balbu ikipata umeme, koili inapata, iwe imekatwa upande wowote. Na ukiingia mjini izime. Anayekuja mbele yako barabara ya Kondoa haoni ng'ombe wala mtu anayevuka.

Naongeza la fyuzi hapa kwa sababu nimeona magari yaliyoungua. Fyuzi ikikatika usiweke kubwa zaidi, wala usiizungushie karatasi ya sigara, wala uzi wa shaba. Nyekundu ni 10, ya bluu 15, ya njano 20, ya kijani 30. Mahali pa nyekundu ni pa nyekundu. Kukatika kwake ni taarifa, na taarifa hiyo ukiizima hutapata ya pili.

Turudi kwenye ethi, kwa sababu mlio wa redio unatoka huko. Redio yako inarudisha umeme kwenye chuma cha dashibodi. Amplifaya inarudisha kwenye skrubu fulani chini ya kiti. Sehemu hizo mbili za bodi hazina volti sawa kabisa wakati altaneta inafanya kazi, na tofauti hiyo ndogo inatafuta njia ya kusawazika. Njia inayoipata ni zile nyaya za sauti zenye vichwa vyekundu na vyeupe vinavyounganisha redio na amplifaya. Unachokisikia ni altaneta yenyewe ikiimba ndani ya spika zako, ndiyo maana inapanda na mguu wako. Hakikisha hivi: injini ikiwaka, zima redio, chomoa nyaya za sauti kwenye amplifaya, washa tena. Mlio ukikoma, unaingia kwa njia hiyo. Vuta waya mmoja wa ethi kutoka redio hadi palepale amplifaya ilipofungwa, skrubu moja, chuma kimoja. Na kama waya mnene wa umeme wa amplifaya umelala pamoja na nyaya za sauti chini ya zulia, utenganishe: umeme upite upande mmoja wa gari, sauti upande mwingine. Madukani wanauza vichujio vya kuondoa mlio. Mimi huvifunga mwisho kabisa, nikishajua ethi ni safi, kwa sababu kichujio kinanyamazisha dalili na ugonjwa unabaki.

Ethi yenyewe ipimwe ikiwa na mzigo. Nalisisitiza hili kwa sababu liliwahi kunigharimu siku nzima. Mkulima wa zabibu wa Hombolo aliniletea pikapu ambayo amplifaya ilikuwa inazimika kila besi ikipiga. Kabla hajafika kwangu ilikuwa imebadilishwa amplifaya, halafu nyaya. Nikapima ethi kwa ule mlio wa mita, ikalia "piii", nikaamini ni nzima, nikahangaika kwingine hadi jioni. Kesho yake nikawasha muziki kwa nguvu, nikaweka waya mweusi wa mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na mwekundu kwenye ethi ya amplifaya. Volti 1.8. Skrubu ilikuwa imefungwa juu ya rangi, imegusa chuma kwa meno machache tu. Mita ikipima mlio inatuma umeme mdogo mno. Hata uzi mmoja wa waya uliobaki unatosha kuupitisha. Amplifaya inahitaji njia nzima. Kifaa kikiwa kinafanya kazi, kipimo hicho kisizidi 0.2. Kikizidi, kwangua rangi hadi uone chuma king'aacho, funga kwa boliti na kile kipete cha chuma (washa) chenye meno, kisha paka grisi juu yake ili vumbi na unyevu wa masika visiingie.

Na viungo vya kupinda nyaya na kuzungushia tepu nyeusi, vitoe vyote. Kwa joto la hapa gundi ya tepu inayeyuka, tepu inateleza, shaba inabaki wazi. Vile vibanio vya bluu vinavyong'ata waya bila kuuchubua navyo sivipendi kwenye barabara za vumbi. Vinakata nyuzi kadhaa na kuacha nyingine, kisha mtikisiko unamalizia. Tumia viunganishi vya kubana kwa koleo lake, au lehemu na ufunike kwa mpira unaosinyaa kwa moto, halafu fungia waya mahali usicheze.

Mikwaruzo ya FM haina mambo mengi. Ndani ya taa za LED kuna saketi inayokata na kuwasha umeme kwa kasi kubwa, na ikiwa ya bei nafuu inarusha mawimbi yanayoziba stesheni. Ethi nzuri na rilei vitapunguza. Sogeza pia waya wa antena mbali na nyaya za taa. Isipopungua, tatizo liko ndani ya taa, na hapo taa bora ndiyo dawa. Ila kama FM ni dhaifu hata taa ikiwa imezimwa, angalia waya wa bluu wa antena nyuma ya redio. Redio ya awali ya Kijapani ilikuwa inaishia masafa ya 90 au karibu yake, bila shaka ndiyo maana uliibadili, kwa kuwa hapa stesheni zinafika 108. Lakini gari lenye antena ya kiooni lina kikuza mawimbi kidogo, na waya huo ndio unaokipa umeme. Redio mpya ikifungwa bila kuuunganisha, kikuza kinalala.

La kaka yako. Apime kutoka kichwa cha chanya cha betri ya kwanza hadi hasi cha ya mwisho. Akipata kama 25, gari lake ni la volti 24, kama Land Cruiser nyingi za dizeli zilizotoka Japani, na redio ya volti 12 imechukua umeme kwenye betri moja tu. Altaneta inazijaza zote mbili kana kwamba ziko sawa, wakati moja inanyonywa na nyingine haiguswi. Inayonyonywa haijai kamwe, na mwenzake inajazwa kupita kiasi hadi maji yanachemka. Anahitaji kipunguza volti cha 24 kwenda 12 kinachochukua umeme kwenye betri zote mbili. Mafundi wa umeme wa malori wanavyo. Betri abadilishe mbili kwa pamoja, aina moja na umri mmoja. Akipata 12.6 badala ya 25, gari lake ni la volti 12 na tatizo ni jingine, aniandikie.

Fundi wako usimfukuze. Mpelekee hizi namba. Fundi anayependa kazi yake atafurahi kuzipata, na utamjua kwa namna atakavyozipokea.

Anza na kiganja kwenye amplifaya Jumapili alfajiri. Kisha niandikie vitu vitatu: volti za Ijumaa na za Jumapili, ampea gari likiwa limelala, na jina la waya ambao ulipoutoa namba ilianguka. Hadi tumpate mlaji, wikiendi ambayo hupimi, ukiegesha Ijumaa, toa kebo ya hasi ya betri. Redio itasahau stesheni na traka haitaonyesha gari lilipo kwa siku hizo, lakini betri hii ya sasa itaendelea kuishi.